Sentela: Dawa Imekaa Wapi Ndani ya Mmea wa Kivulini

Mvua za Septemba zikishaanza mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna mmea mdogo unaochipua kwa nguvu mahali ambapo jua halifiki vizuri: chini ya migomba, kwenye kuta za mawe zinazozuia udongo wa miteremko ya Kadutu na Bagira, kando ya mifereji, na nje ya mji katika mabonde yenye majimaji ya Kabare na Walungu. Haupandi juu bali hutambaa. Majani yake ni ya duara lenye pengo upande wa kikonyo, yaani kijiti kinachoshika jani, kingo zake zina meno butu, na ukilisugua jani moja kati ya vidole linatoa harufu nyepesi inayokaribia ya karoti mbichi au seleri. Jina lake la kitaalamu ni Centella asiatica. Katika makala haya nitauita sentela. Kuanzia India hadi Madagaska umetumika kwa muda mrefu kutibu vidonda na magonjwa ya ngozi, na leo dondoo lake linauzwa katika maduka ya dawa ya nchi nyingi likiwa ndani ya krimu na vidonge.

Kauli inayosikika sana kuhusu mimea ya aina hii ni kwamba ile iliyoota kivulini ndiyo yenye dawa kali, na ya juani imekwisha kuungua. Kauli hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa wanaoisema ni watu waliochuma mimea maisha yao yote. Hata hivyo imebeba dhana inayohitaji kuchunguzwa, nayo ni kwamba dawa ni kitu kimoja kilichoenea sawasawa katika mwili mzima wa mmea, kikiongezeka au kupungua kwa pamoja. Sivyo ilivyo. Ndani ya sentela kuna angalau makundi matatu ya kemikali zenye kazi, kila kundi lina mahali pake pa kukaa, na kivuli hakiyagusi yote kwa namna moja.

Wakazi wa Bukavu wana sababu ya kuielewa hoja hii upesi. Vilima vya Kivu vimepandwa miti ya kinkina tangu enzi za ukoloni, na kiwanda cha Pharmakina kilichopo mjini kinajulikana kwa kutengeneza kinini. Mtu yeyote aliyefanya kazi katika mashamba hayo anajua kwamba kinachopelekwa kiwandani ni gome, la shina na la mizizi, wala si maua. Kinini, dawa ya malaria ambayo wanakemia Pelletier na Caventou waliitenga mjini Paris mwaka 1820, hujikusanya katika tishu za gome, na ndiyo maana mti hukatwa na kubanduliwa. Kwa kinkina jambo hilo liko wazi kwa sababu gome linashikika mkononi. Kwa mmea laini kama sentela, ambao huchumwa wote na kutwangwa wote, mgawanyo wa tishu haujitokezi mpaka mtu achukue wembe na hadubini.

Sentela ni ya familia ya Apiaceae, yaani ni ndugu wa karoti, dhania na seleri, na harufu yake haidanganyi kuhusu ukoo huo. Linnaeus, mwanzilishi wa utaratibu wa majina ya kitaalamu ya mimea, aliupa jina mwaka 1753 akiuweka katika jenasi ya Hydrocotyle, kisha Ignatz Urban akauhamishia katika Centella mwaka 1879. Anayepekua vitabu vya zamani vya famasia vya Kifaransa ataukuta bado ukiitwa kwa jina la kwanza. Kinachoonekana kama shina ni shina tambazi, jembamba, la kijani au lenye wekundu, linalolala juu ya udongo. Kila baada ya pingili kuna fundo, na kila fundo hushusha mizizi yake na kuinua majani yake, mara nyingi kati ya moja na matatu, wakati mwingine zaidi. Maua ni madogo sana, meupe au yenye rangi ya zambarau hafifu, nayo hukaa matatu au manne pamoja karibu na ardhi ambapo mpita njia hayaoni. Hivyo kile tunachokiita mmea mmoja ni mlolongo wa mafundo yanayoweza kujitegemea, yaliyounganishwa na bomba moja. Jambo hili litarudi tutakapofika kwenye mifereji ya mji.

Tuanze na jani, kwa kuwa ndilo linalokutana na kivuli moja kwa moja. Likikatwa kipande chembamba sana na kutazamwa kwa hadubini, juu kuna epidemisi, tabaka moja la seli zenye pembe nyingi zisizo na kijani. Chini yake kuna seli za nguzo, zilizosimama wima katika tabaka mbili au tatu, zimejaa kloroplasti, yaani vichembe vya kijani vinavyonasa mwanga. Chini zaidi kuna parenkima ya sponji, ambayo seli zake zimekaa ovyo na kuacha nafasi za hewa kati yao. Mwisho kuna epidemisi ya chini. Stomata, yaani vitundu vya kuvutia hewa na kutolea mvuke, zipo pande zote mbili za jani lakini ni nyingi zaidi upande wa chini, na nyingi kati yake zina seli mbili za pembeni zilizolala sambamba na seli za mlango, zile zinazofungua na kufunga kitundu. Wataalamu huuita mpangilio huo wa aina ya Rubiaceae kwa kuwa ndio uliozoeleka katika familia ya kahawa; ni ajabu kidogo kuukuta kwa ndugu wa karoti, lakini ni alama nzuri ya kuutambua mmea, na tutaihitaji mwishoni.

Chini ya mgomba mwanga haupungui tu, hubadilika sura. Jani la mgomba hunyonya sehemu kubwa ya mwanga mwekundu na wa bluu kwa ajili ya usanisinuru, lakini mwanga mwekundu wa mbali, ule unaokaribia mwisho wa kile jicho la mtu linachoweza kuona, huupita karibu wote. Juani, uwiano wa mwekundu na mwekundu wa mbali ni kama 1.2, chini ya majani mazito unaweza kushuka hadi 0.2 au chini ya hapo. Ndani ya seli za sentela kuna protini iitwayo fitokromu inayopima uwiano huo. Uwiano ukishuka, fitokromu hugeuka kwenda katika umbo lake tulivu, na kizuizi kilichokuwa kinabana urefu wa kikonyo hulegea. Ndiyo sababu sentela ya uwazi ina vikonyo vifupi na majani madogo mazito yaliyolala karibu na udongo, ilhali ya kivulini ina vikonyo virefu vinavyoweza kuvuka sentimita 15 na majani mapana yaliyoinuka.

Jani la kivulini pia ni jembamba zaidi. Tabaka za nguzo hupungua kimo, kwa sababu kujenga nguzo ndefu zenye kloroplasti nyingi mahali pasipo mwanga wa kutosha ni kutumia mali bila faida. Badala yake kila kloroplasti huongezewa vifaa vya kunasa mwanga, hasa klorofili b, na hivyo jani hubaki la kijani kilichokolea hata kama ni jembamba. Mtu anayepima uzito wa majani makavu hukutana na matokeo ya jambo hili bila kulijua: fungu la majani mapana ya kivulini hujaza kapu haraka, kisha likikauka hubaki kidogo sana. Ni lazima mtu atofautishe kati ya kiasi cha dawa katika kila gramu na kiasi cha dawa kinachovunwa katika kila mita ya shamba. Mabishano mengi kuhusu kivuli yangepungua nusu kama watu wangesema wanazungumzia kipi.

Kikonyo nacho kinastahili muda wetu, kwa kuwa ni sehemu ambayo mtu yeyote mwenye wembe mpya na hadubini ya shule anaweza kuiona vizuri. Kikonyo kibichi ni laini mno kukatwa kikiwa peke yake, hivyo hupasuliwa kipande cha karoti, kikonyo kikabanwa katikati ya mpasuko, na vyote vikakatwa pamoja kwa mkupuo mmoja wa wembe uliolowekwa maji. Vipande vinavyofaa ni vile vinavyoelea bila kuonekana vizuri. Kipande kikiwekwa juu ya kioo na tone la maji, duara la kikonyo linaonekana kuwa na mfereji upande wa juu, na pembe mbili zilizochomoza pande zote za mfereji huo. Chini ya epidemisi kuna tabaka mbili au tatu za kolenkima, seli zenye kuta nene pembeni, ndizo zinazokiwezesha kikonyo kirefu kusimama bila kuwa mti. Ndani yake ni parenkima pana, seli laini za kujazia, na katikati ya parenkima kuna vifurushi saba vya zailemu, inayopandisha maji, na floemu, inayosafirisha sukari, vilivyojipanga kwa upinde, viwili kati yake, vile vya pembe, vikiwa vidogo kuliko vingine. Mishipa ya zailemu ina upana wa takriban mikroni 15 hadi 23 tu, yaani zaidi ya arobaini ingeweza kupangwa ndani ya milimita moja. Hapa na pale kuna seli zinazong'aa kwa fuwele za kalsiamu oksaleti.

Mtu akikata shina tambazi badala ya kikonyo, ataona katika gamba lake la ndani mifereji midogo ya mviringo, kila mmoja ukizungukwa na seli tano hadi saba za utando. Hiyo ndiyo mifereji ya utomvu, urithi wa familia nzima ya karoti, nayo ni makao ya kundi la kwanza la kemikali zetu: mafuta tete. Seli za utando huyatengeneza na kuyamwaga katika nafasi iliyo katikati. Ndani yake kuna seskwiterpeni, kemikali za harufu zenye kaboni 15, zikiwemo kariofileni, humuleni, farneseni na jemakreni D. Harufu tunayoipata kwa kusugua jani ni mifereji hii ikipasuka. Mafuta hayo ni machache, takriban sehemu moja katika elfu ya mmea mkavu, na huwa ya kwanza kutoroka mmea unapoanikwa. Wanaopima nguvu ya dawa kwa kunusa wanapima kundi dogo kuliko yote.

Kundi la pili ndilo lililoupa mmea huu sifa zake duniani, yaani saponini, kemikali zinazotoa povu kama sabuni, za aina ya triterpeni, zenye kiunzi cha kaboni 30. Mwaka 1941 mtafiti Bontems alitenga kutoka katika sentela kemikali aliyoiita asiatikosidi. Miaka iliyofuata Pierre Boiteau na wenzake, waliofanya kazi Madagaska, waliijaribu kwa wagonjwa wa ukoma, na mwaka 1949 walichapisha taarifa kuhusu jambo hilo pamoja na Edgar Lederer na Judith Polonsky katika jarida la Nature. Tangu hapo zimejulikana nne kuu: asiatikosidi na madekasosidi, ambazo zina sukari, na asidi ya asiatiki na asidi ya madekasiki, ambazo ni zile zile zikiwa zimeondolewa sukari. Katika kiunzi chao kaboni hizo 30 zimejipinda kuwa pete tano. Kwenye kaboni ya 28 umefungwa mnyororo wa sukari tatu, glukosi mbili na ramnosi moja. Madekasosidi inaizidi asiatikosidi kwa oksijeni moja tu.

Muundo huo ndio unaoeleza tabia yake yote. Upande wa pete tano unapenda mafuta, upande wa sukari unapenda maji, na molekuli yenye pande mbili za namna hiyo hufanya kama sabuni. Ukiweka unga wa majani makavu ya sentela katika chupa ndogo ya kioo, ukaongeza maji ya uvuguvugu, ukafunga na kutikisa kwa nguvu, povu litapanda na kukaa robo saa au zaidi bila kuanguka. Kipimo hiki si cha uhakika kamili, kwa sababu mimea mingine mingi ina saponini, lakini unga usiotoa povu hata kidogo una neno la kujieleza. Kwa mmea wenyewe sabuni hii ni silaha. Huingia katika utando wa seli za kuvu na wadudu, hushikamana na steroli zilizomo, yaani mafuta ya jamii ya kolesteroli yanayoimarisha utando, na kutoboa. Kwa kuwa utando wa seli za mmea nao una steroli, saponini haziwezi kuachwa zizurure, na glikosidi za namna hii, yaani kemikali zilizofungwa sukari, kwa kawaida hufungiwa ndani ya vakuoli, kile kifuko kikubwa cha maji katikati ya seli. Hazimo katika mifereji ya utomvu. Kwa hiyo mmea wenye harufu kali si lazima uwe na saponini nyingi, na uliopoteza harufu hauwi umepoteza saponini.

Njia ya kuzitengeneza inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, maana hapo ndipo kivuli kinapoingia. Sukari iliyotokana na usanisinuru huvunjwa hadi asetili, asetili huunganishwa kuwa mevalonati, na mevalonati hutoa vipande vya kaboni tano. Vipande sita vikiunganishwa hupatikana skwaleni, uzi wa kaboni 30, ambao huongezewa oksijeni moja. Hapo kuna njia panda. Kimeng'enya kimoja kikiukunja uzi huo kwa namna fulani hupatikana saikloatenoli, mama wa steroli zinazohitajika kujenga utando wa kila seli mpya. Kimeng'enya kingine kikiukunja vingine hupatikana amirini, mama wa saponini. Amirini hupokea oksijeni katika kaboni ya 2, ya 23 na ya 28 kwa kazi ya vimeng'enya vya saitokromu P450, kisha hufungwa sukari moja baada ya nyingine. Kukua na kujilinda kunagombania uzi ule ule.

Kwamba ugomvi huo ni wa kweli kulionekana wazi katika majaribio yaliyotumia methili jasmoneti, ambayo ni ishara ya hatari ndani ya mimea, inayotolewa jani linapotafunwa. Miche ya sentela iliyowekewa ishara hiyo katika chupa za maabara iliongeza saponini, na steroli zake zikapungua. Jambo lingine lililotokea katika chupa hizo linatuhusu zaidi: seli za sentela zilizokuzwa kama donge lisilo na umbo, bila jani wala mzizi, zilitoa asiatikosidi kidogo mno, wakati miche kamili na vichipukizi viliendelea kuitoa. Seli zina urithi ule ule. Kinachokosekana ni tishu. Na miongoni mwa tishu, jani ndilo lenye saponini nyingi kuliko zote, kikonyo na shina tambazi hufuata kwa mbali, na mizizi huwa ya mwisho.

Kundi la tatu ni flavonoidi, hasa kwasetini na kemferoli pamoja na sukari zao, zikiandamana na asidi za jamii ya klorojeniki kama zile za kahawa. Flavonoidi nyingi hukaa katika epidemisi, ile ngozi isiyo na kijani tuliyoianzia, na kazi yake mojawapo ni kuzuia mionzi ya urujuanimno isifikie nguzo zilizo chini. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na miteremko ya Bukavu ikipanda juu yake, kwa hiyo mionzi hiyo inafika hapa ikiwa na nguvu kuliko pwani. Jani la sentela lililo wazi juani hulazimika kujivika flavonoidi, na lililo chini ya mgomba halina haja hiyo. Kwa kundi hili jibu ni moja: kivuli hupunguza.

Kwa saponini jibu si jepesi namna hiyo, na makala nyingi hulirahisisha kupita kiasi. Kivuli cha wastani, kinachozuia karibu nusu ya mwanga, kimetoa katika baadhi ya majaribio mavuno mazuri ya majani na ya asiatikosidi kwa pamoja. Majaribio mengine yaliona mimea ya juani ikiongoza kwa kila gramu. Sababu mojawapo ni ile njia panda: kivuli kizito hupunguza sukari ya kuanzia, jua kali lenye ukame nalo hudumaza jani, na jani ndilo tishu yenyewe ya kutengenezea dawa. Sababu nyingine ni nasaba. Mimea ya sentela iliyokusanywa sehemu mbalimbali za dunia, na hata mikoa mbalimbali ya Madagaska peke yake, hutofautiana sana kwa saponini, kiasi kwamba tofauti ya nasaba inaweza kuifunika kabisa tofauti ya kivuli. Kwa maoni yangu anayetaka kupanda sentela Kabare au Walungu angefaidika zaidi kwa kupima kwanza mimea ya mabonde tofauti na kuchagua mama mzuri kuliko kubishana kuhusu idadi ya migomba ya kuacha. Na kwa kuwa sentela huzaana kwa mafundo, mama huyo akishapatikana watoto wake wote watakuwa kama yeye.

Baada ya kuchuma, tishu huendelea na mambo yake. Jani lililopondwa likiwa bichi huchanganya vitu ambavyo seli ilikuwa imevitenga, na vimeng'enya vinaweza kuanza kuzing'oa sukari saponini. Si hasara kamili, kwa sababu asidi ya asiatiki yenyewe ina kazi, na hata asiatikosidi inayomezwa hugeuzwa kuwa asidi ya asiatiki tumboni kabla ya kufika katika damu. Lakini asidi hizo hazipendi maji, kwa hiyo hubaki kwenye makapi mtu anapochemsha na kuchuja. Flavonoidi huharibika kwa joto kuliko saponini, na kukausha katika tanuri huzipunguza sana. Njia ya busara ni kuosha majani yakiwa mazima, kuyatandaza kwa tabaka moja mahali penye upepo bila jua la moja kwa moja, na kuyasaga yakishakuwa makavu ya kuvunjika. Mchanganyiko wa pombe na maji hutoa saponini vizuri kuliko maji matupu, lakini iwe ni pombe ya maduka ya dawa. Kanyanga iliyotengenezwa bila vipimo inaweza kuwa na methanoli, na hiyo si ya kuwekwa ndani ya dawa ya mtu.

Kazi iliyothibitika vizuri zaidi ni ile ya ngozi: asiatikosidi na asidi zake huzichochea seli za faibroblasti kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoziba kidonda. Kunywa ni habari nyingine. Mwaka 2005 madaktari wa Argentina walieleza kuhusu wanawake watatu ambao macho na ngozi viligeuka manjano na maini kuathirika baada ya kutumia sentela kwa wiki kadhaa. Matukio ya namna hiyo ni nadra, lakini yanatosha kumzuia mtu mwenye ugonjwa wa ini, au mama mjamzito, asiinywe bila kumwona daktari. Wapo pia ambao ngozi yao huwasha na kuvimba inapopakwa.

Sasa turudi kwenye mafundo. Kwa kuwa kila fundo lina mizizi yake, kila fundo hunywa pale lilipo, na shina tambazi husafirisha kilichonywewa kwenda kwa mafundo ya jirani. Sentela inajulikana kwa kufyonza metali nzito kutoka katika udongo na kuzipandisha mwilini, na mifereji ya Bukavu hubeba mafuta ya magari, betri zilizotupwa na maji ya vyoo vilivyojengwa juu ya mteremko. Sentela nzuri yenye majani mapana inayoonekana ukingoni mwa mfereji imenenepa kwa maji hayo hayo. Kuosha kunaondoa tope na sehemu ya vijidudu. Risasi iliyokwisha kuingia katika parenkima haioshwi. Anayeona mlolongo mmoja unaoanzia shambani na kuishia mferejini auache wote.

Kuna pia mimea inayofanana nayo. Baadhi ya jamii za Hydrocotyle, zilizo ndugu zake, hutambaa katika unyevu kama ule ule, na Dichondra, ya ukoo wa viazi vitamu, ina majani ya figo yanayoweza kumdanganya mtu aliye na haraka. Dichondra haina meno kwenye kingo za jani wala harufu ya karoti. Hydrocotyle hutambulika kwa tunda: la sentela limebapwa na lina mistari iliyounganishwa kwa wavu mdogo unaoonekana hata kwa kioo cha kukuzia cha mkononi, la Hydrocotyle lina mistari michache bila wavu. Ukibaki na shaka, mmea uliokaushwa ukiwa na matunda na mizizi unaweza kulinganishwa na ile iliyohifadhiwa katika kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichojengwa na IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya enzi za ukoloni iliyoundwa mwaka 1947.

Mmea ukishakuwa unga, tunda na kingo za jani hazisaidii tena, na hapo anatomia ndiyo inayobaki kuwa shahidi. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mwaka 1999, linataka sentela kavu iwe na angalau asilimia 2 ya glikosidi hizi. Famakopia ya Ulaya, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inataka asilimia 6 ya triterpeni zote zikihesabiwa kama asiatikosidi. Maabara yenye vifaa vya kupima asilimia hizo ni chache, lakini hadubini zipo katika shule na hospitali nyingi za mji. Chukua unga kwenye ncha ya sindano, weka juu ya kioo na tone la maji. Vipande vya epidemisi vyenye stomata za aina ya Rubiaceae, vipande vya nguzo za kijani na fuwele za oksaleti vinaonyesha unga wa majani. Kisha weka tone la iodini pembeni na lisubiri liingie. Chembe za wanga zenye upana wa mikroni 8 hadi 12 zikigeuka bluu nyeusi kwa wingi, zikiwa pamoja na vipande vya kahawia vya koki, yaani gamba la nje la mizizi, vilivyopangwa kama ukuta wa tofali, basi muuzaji amesaga mizizi kwa wingi ili uzito uongezeke, na unga huo hauwezi kuwa na saponini za majani ambayo hayamo.